Na Nesi Mwenyewe, Amepimwa?

Tangazo la wiki ya upimaji bure wa saratani ya mlango wa kizazi mmelisikia. Limesomwa asubuhi, mchana na usiku. Vizuri. Redio hii haina ugomvi nalo. Wasiwasi wetu ni juu ya yule atakayewapokea kinamama mlangoni. Nesi. Na yeye, amepimwa?

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti kuhusu wauguzi 137 wa hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania. Zaidi ya wanane katika kila kumi hawakuwahi kupimwa ugonjwa huu. Hao ni watu wa makoti meupe, wenye vyeti. Tangu wakati huo kampeni zimekuja na kupita, fulana zimechapwa, mabango yametundikwa. Nesi amevaa fulana, amepiga picha, amerudi kazini. Hajapimwa.

Kipimo chenyewe anakijua kuliko sisi. Mwanamke analala kitandani, mlango wa kizazi unapakwa siki kwa pamba, wanasubiri dakika moja hivi. Pakigeuka peupe, pana mabadiliko, na mara nyingi anapata tiba mgando kabla hayajawa saratani. Nesi huyaeleza haya kwa kinamama waliojipanga kwenye benchi la kliniki, mtoto mmoja analia, mwingine ananyonya. Kisha anafunga daftari.

Muulize pembeni kwa nini yeye hajalala kwenye kitanda kile. Atakujibu, nani anipime? Yule dada tunayepokezana zamu? Daktari ninayekaa naye kikao kila Ijumaa? Kesho nitamtazama vipi usoni? Na chumba chenyewe ni kimoja, pazia fupi, mlango hauna komeo. Komeo, ndugu msikilizaji! Fedha za fulana zipo, za komeo hazipo.

Aibu hiyo ni ya kweli na hatuibezi. Lakini kila mwaka wanawake zaidi ya 10,000 nchini hugundulika na saratani hii, na zaidi ya 6,000 hufariki. Wengi hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road wamechelewa, damu inawatoka, mgongo unauma. Kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani hii, hukaa mwilini miaka mingi kimya, hakiulizi cheo cha mtu. Binti zetu wameanza kuchanjwa tangu mwaka 2018. Mama zao, na nesi anayewachanja, umri wa chanjo hiyo ulishawapita. Kilichobaki kwao ni kipimo.

Na kinamama si wajinga. Wanaitambua sauti ya mtu anayewasomea bango, na wanaitambua ya mtu aliyelala kitandani akashuka salama. Anayesema, mimi nilipima mwezi uliopita, haikuuma, huyo ndiye atakayefuatwa.

Waganga wakuu wa wilaya, tunasema nanyi. Punguzeni fulana. Mpeni nesi nusu siku, mwende naye kituo cha wilaya jirani, wasikomjua, apimwe na mtu asiyepokezana naye zamu. Kipo pia kipimo cha HPV ambacho mwanamke hujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, bila mtu kumtazama, na Shirika la Afya Duniani linakikubali. Kileteni, kianze na watumishi. Tena kianze na wa zahanati za vijijini, wanaofanya kazi wawili wawili na hawana pa kujificha. Na makomeo yapigwe milangoni wiki hii hii, si bajeti ijayo!

Na wewe nesi, dada yetu, mkunga wa watoto wetu, unayetusikiliza zamu ya usiku redio ikiwa chini: usisubiri barua ya mwajiri. Umri wako ni miaka 30 na zaidi? Nenda. Unaishi na virusi vya Ukimwi? Wewe usingoje hata huo umri, maana hatari yako ni mara sita. Mshike mwenzako mkono, pandeni gari Jumamosi, mkapime!