TUKIENDA SHOO KUTAZAMA VYOMBO VIPYA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, kabla ya safari ya maonyesho ya Nairobi)



Nimeambiwa kuna kikundi hapa kinachotaka kubeba pesa zake mpaka Jamhuri, kikanunue mtambo wa sola wa kuchajia simu. Kwa hivyo leo mambo ya ng'ombe na mahindi nitayaacha, ingawa ndiyo yaliyoanzisha shoo zetu. ASK ni chama cha wakulima cha tangu 1901, lakini siku hizi ukiingia pale Ngong Road unakuta pia taa, simu, televisheni, pampu, na kelele za vipaza sauti.

Kwanza tuelewe kwa nini mtu anaonyesha kitu. Kule Marekani kuna maonyesho makubwa ya vyombo vya umeme, yanaitwa CES. Yalianza New York mwaka 1967, na sasa hufanyika Las Vegas kila Januari. Yule mwananchi wa kawaida hata haingii, ni ya watu wa biashara. Mashine ya kucheza CD ilionyeshwa huko 1981, na ile ya DVD 1996, na zote mbili zilifika mpaka vijijini kwetu. Lakini vitu vingi vilivyowekwa juu ya meza zile havikufika dukani hata siku moja. Kampuni inaweza kuonyesha kitu ili isikie tu watu watasema nini. Basi ukiona kitu kinang'aa, usianze kuuliza bei. Uliza: Shoo ikiisha, hiki nitakipata wapi? Kikiharibika, fundi wa karibu na kwetu ni nani? Akikosa jibu, mshukuru na uendelee na safari yako.

Sasa tuje kwa ule mtambo, maana hapo ndipo pesa zitakapopotea au zitakapozaa.

Muuzaji atasema, "Mama, hii ni wati 30." Itazame kwa macho yako mwenyewe. Jua kali la saa sita likipiga meta moja mraba huleta kama wati 1,000, na paneli nzuri hugeuza kama sehemu moja kwa tano kuwa umeme. Kwa hivyo paneli iliyo sawa na karatasi ya kuchapia, ile ya A4, ikitoa wati 12 imejitahidi kabisa. Akikuambia ni 30, huyo anakuuzia maneno. Beba karatasi hiyo ndani ya mkoba, uiweke juu ya paneli, upime. Hakuna atakayekukataza.

Tuseme mmepata paneli ya kweli ya wati 20. Jua zuri la saa tano kwa siku ni wati 20 mara 5, yaani 100. Toa zile zinazopotea kwenye waya, betri na joto, mnabaki na kama 60. Simu ndogo, ile ya vibonye, hula karibu 5. Basi mtachaji simu 12. Kwa shilingi 20 kila simu, hiyo ni 240 kwa siku, na siku ya mawingu ni pungufu. Lakini hebu tazameni simu ambazo watoto wetu wanashika siku hizi! Moja ya hizo kubwa hula 20 mpaka 25. Simu 2, labda 3, na jua limekwisha. Ile hesabu ya simu 20 kwa siku inayoandikwa kwenye karatasi ya matangazo, waulizeni ni simu gani. Na kabla ya kwenda, hesabuni katika kijiji chenu ni simu ngapi ndogo na ngapi kubwa. Mimi naona kazi hiyo ni muhimu kuliko shoo yenyewe.

Kwa upande wa taa, wakisema inawaka masaa 12, waulize kwa mwanga gani. Taa nyingi zina mwanga wa ngazi mbili tatu, na masaa yale ni ya ule mdogo, ambao mtoto hasomi nao. Na televisheni ya sola ikiwa inawaka mezani, zungukeni nyuma mtazame kama kuna waya wa stima. Ukiuona, mwambie kwa heshima auchomoe.

Kuna wanaopima vyombo hivi. Benki ya Dunia ilikuwa na mpango wa Lighting Global, na tangu 2020 kazi ya kupima imekuwa ya VeraSol. Muuzaji akidai chombo chake kimepimwa, aonyeshe jina na namba ya chombo hicho hicho, si cha ndugu yake. Simu nazo, bonyezeni *#06# mlinganishe namba itakayotokea na ile iliyo kwenye boksi. Mnakumbuka mwisho wa Septemba 2012 simu bandia zilivyozimwa nchini, karibu milioni 2. Mwenye simu alibaki ameshika plastiki.

Kuhusu kulipa pole pole, sina ubaya nako. Lakini zidisheni. Malipo ya kwanza 3,000, kisha 50 kila siku kwa siku 400, jumla ni 23,000. Ulizeni bei ya pesa taslimu, muone mnalipia nini. Pia ulizeni: Mwezi wa njaa tukikosa kulipa, chombo kinazima?

Ombi langu ni kwamba pesa za kikundi zibaki benki siku hiyo. Bei ya "leo tu" itakuwako hata wiki ijayo. Tumeni watu watatu: mweka hazina, kijana mmoja anayejua mambo ya stima, na mama mmoja asiyeona haya kuuliza. Wabebe daftari, waandike bei, waranti ni ya miezi mingapi, na kama betri imo ndani ya waranti, maana betri ndiyo hufa kwanza. Warudi nyumbani, wasome mbele ya wanachama, ndipo mpige kura.

Sasa kila kikundi kitoe majina yake matatu tuyaandike. Mambo ya gari na nauli tutayapanga baada ya chai.