Darasa na Duka Vikutane: Ujuzi wa Kidijitali kwa Vijana wa Babati
Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu, Maisaka

 

Tumeombwa tuzungumzie elimu. Sisi tuliokaa nyuma ya kaunta kwa miaka mingi tumeona ni vyema tuseme juu ya elimu ambayo upungufu wake huonekana kila siku mbele ya kaunta hiyo, nayo ni ujuzi wa kuitumia kompyuta, simu na intaneti kwa kazi.

Majirani wengi wanafahamu kwamba kila Diwali sisi wafanyabiashara wenye asili ya Gujarati huviweka mbele ya madhabahu vitabu vipya vya hesabu, vyenye jalada jekundu, tunavyoviita chopda. Tunamwomba Mama Lakshmi baraka, na Mama Saraswati elimu. Siku hizi, kando ya vitabu hivyo, familia nyingi huweka pia kompyuta mpakato. Ibada ni ile ile, maana tangu zamani kilichoheshimiwa ni hesabu ya kweli iliyoandikwa na mtu anayeielewa.

Mabadiliko haya yametokea ndani ya umri wa mtu mmoja. Mwaka 1974, tulipokuwa bado watoto wa shule, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mwaka 2008 zikaja huduma za fedha kwa simu. Mwaka 2010 zikaingia mashine za EFD za kutolea stakabadhi za kodi. Mwaka 2017 malipo ya Serikali yakaanza kufanywa kwa kumbukumbu namba, na tangu mwaka 2023 anayetaka kuiuzia Serikali bidhaa, hata madaftari ya shule, hana budi kuomba kupitia mfumo wa NeST. Wakulima nao wamefikiwa: katika mikoa kadhaa mbaazi na ufuta huuzwa kwa minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa Tanzania. Sisi wa Babati tunajua uzito wa habari za soko, kwani India ilipoweka ukomo wa kununua mbaazi kutoka nje mwaka 2017, maumivu yalifika mpaka mashambani kwetu.

Vyombo vimefika upesi kuliko ujuzi. Kijana amehitimu kidato cha nne, anaizungusha simu kwa kidole kwa kasi ya ajabu, lakini ukimpa orodha ya mali ghalani aipange kwenye jedwali la kompyuta, anakutazama. Mzazi anayemwombea mwanawe mkopo wa elimu ya juu huenda steshenari, humlipa mtu amjazie fomu, na nywila inabaki kwa mtu huyo. Bibi anayetumiwa fedha na wanawe humkabidhi wakala simu pamoja na namba yake ya siri. Mkononi ana simu yake mwenyewe, lakini ufunguo wa fedha zake uko kwa mwingine. Hapo ndipo ilipo hatari, wapendwa. Asiyeweza kusoma hesabu zake mwenyewe huishi kwa hisani ya anayemsomea.

Je, nchi inaweza kuwafundisha watu wake wote ujuzi mpya? Tanzania imewahi kufanya hivyo. Mwaka 1967 takriban watu wazima wawili kati ya watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakafunguliwa kila mahali, mengine chini ya miti. Kisomo hicho kiliitwa chenye manufaa kwa sababu mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kusoma habari za pamba, na mvuvi kwa kusoma habari za samaki. Mwaka 1973 Serikali ikaagiza kwamba wafanyakazi nao wafundishwe mahali pao pa kazi. Kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 10.

Kazi ile ina mafunzo mawili kwetu. La kwanza, mtu hujifunza haraka jambo linaloigusa riziki yake. La pili, shule haikuachiwa mzigo peke yake. Waajiri nao walitakiwa kutoa nafasi.

Leo misingi ipo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hupeleka kompyuta shuleni. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na chuo chake cha Manyara kipo hapa hapa Babati. Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, na sehemu yake huenda kwenye mafunzo ya ufundi stadi. Tukishalipa tozo hiyo, ni rahisi kudhani kwamba wajibu wetu umekwisha. Lakini fedha haiwezi kukaa kando ya kijana na kumwonyesha kwa nini jumla ya mauzo hailingani na stakabadhi za siku. Hilo hufundishwa na mtu, mahali pa kazi, kwa hesabu halisi.

Wazee wetu hawakujifunza chopda chuoni. Waliketi kando ya baba au ami, wakakosea, wakasahihishwa, wakarudia mpaka mkono ukazoea. Ulikuwa uanagenzi bora, lakini mlango wake ulikuwa mwembamba: ulimpitisha mtoto wa nyumbani tu. Desturi ya biashara za familia, popote duniani, ni kumpa mfanyakazi ufunguo wa ghala na kumnyima kitabu. Leo watoto wetu wengi wako Arusha, Dar es Salaam na ng'ambo, na hawatarudi kukaa kwenye kaunta. Vijana wanaofungua milango ya maduka yetu kila asubuhi ni watoto wa Maisaka. Kijana anayejua kila gunia lilipo hashindwi kujua jedwali linalolihesabu, akipata wa kumfundisha. Basi tumfundishe.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mfanyabiashara aliye hapa apokee walau mwanagenzi mmoja kila mwaka kutoka VETA au sekondari za mjini, na amkalishe mbele ya kompyuta ya duka: mali, mauzo, stakabadhi, marejesho ya kodi. Pili, ukumbi wa hekalu ufunguliwe jioni mbili kwa wiki kwa majirani wa dini zote, na somo la kwanza liwe namba ya siri: kuiweka, kuilinda, kuibadilisha. Tatu, mabinti wapewe nusu ya nafasi, na masomo yao yawe mapema jioni ili warudi nyumbani kabla ya giza.

Gharama yake si kubwa. Kompyuta tulizoziacha kabatini baada ya kununua mpya zinatosha kuanzia, na mwalimu anaweza kuwa karani wa duka. Kinachotakiwa zaidi ni kuaminiana, na kuaminiana ndiko kulikowawezesha wazee wetu kuuza kwa mkopo kwa wakulima wa Kigorowa na Kiiraqw msimu hadi msimu, wakilipwa baada ya mavuno.

Elimu ni mali ya namna ya pekee: ukiigawa haipungui, na mwizi hawezi kuibeba. Hekalu hili limesimama kwa michango ya waumini na kwa wema wa majirani. Tuurudishe wema huo kwa kuwafundisha watoto wao kama tulivyofundishwa sisi, bega kwa bega, mpaka waweze kuziandika hesabu zao kwa mikono yao wenyewe.