KARATASI ZAKO ZISEME NENO MOJA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya akina mama na vijana mjini Rhamu, kuhusu matayarisho ya kuomba viza.)

Mimi si mwanasheria wala si mtu wa ubalozi. Ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi nimewajazia watu fomu. Nitasema yale niliyoyaona.

Wengi wetu tuna jamaa nje, huko Minneapolis, London au Jeddah. Siku simu inapokuja kwamba jitayarisheni kwa viza, nyumba nzima hushangilia. Halafu ndipo watu wanaanza kutafuta cheti cha kuzaliwa! Ndugu zangu, viza haianzi Nairobi kwenye dirisha la ubalozi. Inaanza hapa nyumbani, siku mtoto anapozaliwa.

Mama mmoja aliitwa na mumewe aliye ng'ambo. Kitambulisho chake kilisema Halima Hassan. Cheti cha mtoto kilisema mama yake ni Halimo Xasan. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Lakini karani wa kigeni aliona wanawake wawili, akauliza: mama wa mtoto huyu ni yupi? Ilichukua zaidi ya mwaka kunyoosha jambo hilo, na mtoto anakua bila baba. Mama huyo hakudanganya hata neno moja.

Basi jambo la kwanza ni JINA. Somalia ilichagua kuandika Kisomali kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, na huko Hassan ni Xasan, Abdi ni Cabdi, Omar ni Cumar. Hapa Kenya karani huandika anavyosikia. Kwa hiyo chagua namna moja, ile iliyo kwenye kitambulisho, na uifuate kila mahali: shule, kliniki, benki, pasipoti. Mwalimu anapoandikisha watoto kwa mtihani, mzazi aende aone jina kwa macho yake. Likishachapwa kwenye cheti, kulibadilisha ni safari ndefu.

Pili, TAREHE. Wengi wetu tumeandikiwa tarehe 1 Januari kwa sababu hakuna aliyeandika siku yenyewe. Hiyo peke yake si kosa. Kosa ni kitambulisho kusema 1990 na cheti cha shule kusema 1993. Mtoto akizaliwa nyumbani, nenda kwa naibu wa chifu kabla ya miezi sita kwisha. Baada ya hapo sheria inaiita usajili wa kuchelewa, nawe utatakiwa kuleta ushahidi kama kadi ya kliniki au barua ya shule.

Najua wazee watasema, "Mwalimu, sisi kupata kipande tu ni kazi." Ni kweli. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya Wasomali wote wahakikiwe, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi. Wengine waliandikishwa kambini Dadaab kwa sababu ya njaa, ingawa ni Wakenya, na alama zao za vidole zikawafungia mlango wa kitambulisho. Mnamo Februari 2025 Rais alitangaza mjini Wajir kwamba uhakiki wa pekee wa watu wa mipakani uondolewe. Hata hivyo, mwenye karatasi za wazazi wake mkononi hupita upesi kuliko asiye nazo. Msitupe kipande cha marehemu baba. Hicho ndicho shahidi wenu.

Tatu, NDOA NA UJAMAA. Kwetu mke habadilishi jina, hubaki na la baba yake. Mgeni hajui hivyo, kwa hiyo cheti cha ndoa ndicho kitakachosema. Nikaha ya sheikh ni ndoa kamili, lakini iandikishwe kwa kadhi mpate cheti. Tena, sisi humwita mtoto wa adeer "ndugu yangu". Kwenye fomu usiandike hivyo! Andika mtoto wa baba mdogo. Mwaka 2008 Marekani ilipima vinasaba, yaani DNA, kwa familia za wakimbizi hapa Nairobi na kwingineko. Ujamaa wa watu wengi haukuthibitika, na mpango mzima wa kuunganisha familia hizo ukasimamishwa hadi mwaka 2012. Walioteseka ni pamoja na wale waliosema kweli.

Nne, FEDHA. Mzee mwenye ngamia arobaini ni tajiri hapa, lakini ngamia hana stetimenti ya benki. Ukiuza mifugo, fedha zipite benki au M-Pesa, na uweke risiti ya mnada. Usiazime laki tatu uziweke wiki moja kabla ya kuomba viza. Ofisa huziona mara moja na kuuliza zimetoka wapi.

Tano, na hili nalisema kwa uchungu. Kuna madalali wanaouza vyeti. Watakuambia, "Lete pesa, nitakutengenezea kila kitu." Kijana wangu, kimbia. Uingereza ikikukuta na karatasi ya uongo inaweza kukufungia miaka kumi. Marekani inaweza kukufungia maisha yako yote. Na aliyekuuzia hutamwona tena. Karatasi zako zikigongana, iko njia ya haki. Nenda kwanza ofisi iliyoitoa ukaombe irekebishwe. Isipowezekana, pata hati ya kiapo kwa wakili, ikieleza kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, na kwa nini. Karatasi ya Kiarabu au Kisomali itafsiriwe na mtu anayetia sahihi yake. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele.

Mwisho, HIFADHI. Mto Daua ukifurika hauchagui nyumba. Weka karatasi zote kwenye mfuko wa plastiki mahali pamoja, na nakala kwa jamaa wa mji mwingine. Ukipoteza, ripoti polisi upewe abstrakti siku hiyo hiyo.

Leo jioni mkirudi nyumbani, fanyeni kazi moja tu. Toeni karatasi zote za familia, mzitandaze juu ya mkeka, na mtoto aliyesoma asome jina na tarehe kwa sauti. Palipo na tofauti, wekeni alama. Kesho anzeni kurekebisha, hata kama leo hakuna anayesafiri. Simu ikija, iwakute tayari.