Foleni Si Mizani: Nani Achanjwe Kwanza Dozi Zinapokuwa Chache



Katika kikao kimoja, mwenzangu ninayemheshimu alisema kwamba chanjo zikiwa haba, haki ni foleni. Anayewahi apewe, kwa kuwa foleni haijui tajiri wala maskini. Wengi waliafiki. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule kumeniuma hadi leo.

Kanuni nyingine za kugawa kilicho haba sitazigusa. Nataka kuishughulikia foleni peke yake.

Tarehe 24 Julai 2021 nchi yetu, Tanzania, ilipokea dozi 1,058,400 za Janssen, chanjo ya UVIKO, kupitia mpango wa kimataifa wa COVAX. Siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani, Ikulu, Dar es Salaam. Waliotajwa kutangulia ni watumishi wa afya, wenye miaka 50 na zaidi, na wenye maradhi sugu. Mwaka uliofuata sensa ilituhesabu watu 61,741,120, yaani dozi moja kwa watu 58 hivi. Mkoa huu wa Tabora, wenye watu 3,391,679, kwa hesabu ya vichwa ungestahili dozi zipatazo 58,000, za kusambazwa katika mkoa mkubwa kuliko yote nchini kwa eneo.

Mimi nilichanjwa Agosti ile, kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa na miaka 52, mzima wa afya. Nilijiandikisha kwa simu, nikapanda bodaboda, nikasubiri kidogo kwenye benchi. Shangazi yangu alikuwa na miaka 71 na kisukari, yuko wilayani Kaliua, humuhumu mkoani, kwenye mashamba ya tumbaku, na simu yake ni kitochi. Yeye alichanjwa zaidi ya miezi miwili baadaye, wachanjaji walipofika gulioni. Orodha ilituweka sote kundi moja. Kilichonitanguliza mimi ni nauli na bando.

Kwa hiyo foleni inajua mengi sana. Inajua nani analala karibu na hospitali, nani ana mtu wa kumwachia mtoto, nani akikosa kibarua siku moja chungu hakipandi jikoni. Mwenzangu anasema haichagui. Inachagua kabla dirisha halijafunguliwa, na waliochujwa hawaonekani pale mlangoni, ndiyo maana foleni inapendeza machoni. Serikali yenyewe ililiona hilo: Septemba 2021 ilianza Mpango Shirikishi na Harakishi, chanjo ikafuata watu sokoni, misikitini, makanisani na majumbani. Kama foleni ingekuwa mizani, mpango ule usingehitajika.

Sasa mniruhusu nimlete shahidi wangu wa siku nyingi. Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, makazi yaliyozaa mji huu wa Tabora, Novemba 1857, na kitabu chake kikachapishwa London mwaka 1860. Nimekisoma mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote cha historia yetu. Aliwadharau watu wa nchi hii, na dharau hiyo imejaa kurasani. Lakini jicho lake halikulala. Anaeleza kwamba muda mfupi kabla hajafika, ndui iliua watumwa 52 kwa mwezi mmoja, katika watu 800. Anaeleza pia kwamba Waarabu walikuwa wameanza kuwatia watu usaha wa ndui kwa kuwachanja katikati ya nyusi. Neno letu chanjo linatoka hapohapo, kwenye wembe. Halafu anaeleza njia ya msafara: watu waliokwishapofushwa na ndui wakijikokota, akina mama wagonjwa wamebeba wachanga wagonjwa, na hakuna anayethubutu kuiacha njia, kwani kuiacha ni kufa. Kinga ilikuwa imeanza kujulikana kwenye matembe ya Waarabu, ugonjwa ukitembea kwa miguu ya wapagazi.

Kutoka ukurasa huo nilipata imani ambayo sijaiacha: chanjo ifuate njia. Desemba 1966, daktari Mmarekani William Foege, akiwa mashariki ya Nigeria na dozi chache za chanjo ya ndui, hakungoja za kuwatosha wote. Aliwatafuta wagonjwa, akawachanja waliowazunguka na wale wa vijiji ambako ugonjwa ungefuata. Mbinu hiyo ya kuuzingira ugonjwa ndiyo iliyoing'oa ndui duniani. Mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, Oktoba 1977.

Nakubali UVIKO ulikuwa jambo jingine. Uliua zaidi wazee, na chanjo zake zilizuia kifo vizuri kuliko zilivyozuia kuenea. Shangazi alistahili kumtangulia dereva wa lori. Lakini tazameni Mpox. Mwaka 2024 ilisambaa kutoka Kamituga, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, ikafuata wachimba madini, wafanyabiashara na wasafiri. Kenya ilimgundua mgonjwa wake wa kwanza mpakani Taveta, naye alikuwa safarini. Machi 2025 ikathibitishwa kwetu. Hapo wa kwanza ni dereva, kuli wa stesheni, mama lishe wa stendi, na dada wa nyumba ya wageni, hata kama wote ni vijana na wana nguvu.

Ombi langu kwa wizara na kwa waganga wakuu wa wilaya zetu ni hili. Shehena ijayo ya chanjo ikifika Tabora, kasha la kwanza la baridi lipelekwe Kaliua, la pili stendi ya mabasi. Dirisha la mjini lifunguliwe baada ya hapo. Mimi nitangoja.