Trauti na Maji ya Mlimani

Mto Gura hushuka kwa kishindo kutoka milima ya Aberdare, nchini Kenya. Mwaka 1905 samaki aitwaye trauti, mgeni kutoka Ulaya, alitiwa katika mto huo, akazaana. Wavuvi wamfuatao kwa mchezo hawatumii wavu wala nyungunyungu. Hufunga manyoya na uzi juu ya ndoana ndogo, ikafanana na mdudu. Kisha huirusha taratibu juu ya maji, nao husimama kimya, maana trauti ni mwepesi wa kushtuka.

Lakini ustadi wa mvuvi si kitu pasipo maji mema. Trauti hutaka maji ya baridi yaendayo mbio, naye hufukia mayai yake katika changarawe. Watu wakikata miti na kulima mpaka ukingoni, mvua huchukua udongo mtoni. Tope hufunika changarawe, na mayai hukosa hewa yakafa.

Basi, ndugu zetu, tuache miti na majani kandokando ya mto. Tope liualo mayai ya samaki ndilo tulitekalo mtungini, na jana lilikuwa shamba letu.