Mtoto Aliyepotezana na Wazazi: Andika Jina Lake

Ndugu wanakisomo! Leo sisemi habari za mahindi wala pamba. Nataka tuzungumze habari za mtoto anayefika kijijini peke yake.

Sisi wa mkoa wa Kigoma tunawajua watoto hawa. Mwezi wa Mei 2015 makumi ya maelfu ya watu walikimbia Burundi, wakajaa katika kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika. Meli ya Liemba iliwachukua kwa zamu mpaka Kigoma mjini. Kutoka hapo walipanda mabasi mpaka kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Katika msongamano kama ule, mama anamshika mtoto huyu, yule anamponyoka. Wako pia vijana wa miaka 14 au 15 wanaovuka mpaka peke yao kutafuta kibarua cha shamba.

Basi, mtoto kama huyo akibisha hodi kwako, ufanye nini?

Kwanza, mpe maji, chakula na mahali pa kulala. Usimhoji kama askari. Mtoto aliyeona vita huweza kunyamaza siku nyingi, au kukojoa kitandani ingawa ni mkubwa. Siyo kiburi, wala siyo uchawi. Ni hofu. Akizoea atasema.

Pili, chukua daftari na kalamu. Andika jina lake, jina la baba, la mama na la ndugu zake. Andika kijiji chake, na mlima au soko lililo karibu. Andika siku uliyompokea na nguo alizovaa.

Wala usimbadilishe jina. Tuseme umempenda, ukampa jina la marehemu mwanao. Alikuja na miaka minne. Sasa ana tisa, jina la kwanza amekwisha lisahau. Kumbe mama yake yu hai, anamtafuta kwa jina lile la kwanza. Atampataje? Kwa upendo wako umemficha mtoto wa mwenzio.

Baada ya mauaji ya Rwanda ya 1994, watoto zaidi ya 100,000 walikuwa mbali na wazazi wao. Msalaba Mwekundu na mashirika mengine waliandika majina ya watoto, wakayalinganisha na majina yaliyoletwa na wazazi waliowatafuta. Wadogo wasiojua majina walipigwa picha, watu wakaonyeshwa ili wawatambue. Maelfu walirudi kwao.

Tatu, peleka habari kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa wa ustawi wa jamii. Usimfiche mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hata kijana aliyeanza kuota ndevu, kama ana miaka 16, ni mtoto. Na sheria hiyo inakataza kumfanyisha mtoto kazi za kumdhuru.

Nne, asome. Hapa wengi tunakosea. Mtoto wetu anakwenda shule, mgeni anabaki kuchunga mbuzi. Tunasema, "Huyu anakula bure, acha afanye kazi." Jamani! Huo siyo ulezi, huo ni utumwa. Kama amepita umri wa darasa la kwanza, muulizeni mwalimu mkuu habari za MEMKWA, mpango wa watoto waliokosa shule. Msiseme amechelewa. Ninyi mlishika kalamu mkiwa na wajukuu, na leo mnasoma gazeti.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto je, si zaidi ya mali? Kalamu mnayo. Siku atakapofika mtoto huyo, mwandikeni.