Sweta la Marehemu Baba

Kwetu Kinangop, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, mwezi wa Julai hauna mzaha. Siku nyingine umande huganda juu ya majani, na wazee hawabanduki mekoni.

Julai moja, mwaka mmoja baada ya kumzika baba, nilimkuta mama na mkasi mkononi, na sweta la baba mapajani. Lile la kijivu, alilolivaa kwenda kanisani! Mimi nilitaka likae sandukuni. Nilikasirika, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa.

Mama hakujibu. Alikata mshono wa ubavuni, akatafuta ncha ya uzi shingoni, akavuta. Kifua kikafumuka mstari kwa mstari, kisha mikono. Pale kwenye viwiko vilivyotoboka uzi ulikatika, akafunga fundo, akaendelea.

Uzi uliofumuliwa hujikunja kama nywele. Aliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, akaufunga mahali panne usitatizike, akaufua kwa maji ya vuguvugu, akautundika kivulini na kijiwe chini yake ili unyooke. Si maji ya moto, kwa maana sufu halisi ikisuguliwa kwa sabuni katika maji ya moto hupungua, ikawa nene kama blanketi. Hata hiyo usiitupe, dada yangu. Ukiikata haifumuki, nawe waweza kushona glavu za watoto.

Ndipo mama aliposema, "Mke wa kaka yako amejifungua kabla ya siku zake." Joto la mtoto mchanga hupotea upesi kichwani. Sweta lile likawa kofia na soksi za mtoto huyo, ambaye kwa desturi yetu aliitwa jina la baba.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, wajane wa Yafa wanamwonyesha Petro nguo alizowashonea Dorkasi, huku wakilia. Luka hatuambii kitambaa alikipata wapi. Mimi hujiuliza.

Uzi uliobaki, donge la kadiri ya ngumi, mama alinipa mimi. Nimeuweka sandukuni miaka mingi. Juma lililopita jirani yangu alijifungua, na jana jioni nilianza kutafuta sindano za kufumia.